Mtu wa Tano Garini

Kama hujawahi kukaa siku nzima kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yako, mvua inanyesha, nawe una miaka ishirini na saba na jana tu umemwacha kwa simu mwanamume unayempenda, basi usinisimulie habari za jela. Jela naijua. Ina viti vya plastiki vinavyonata mapajani, inanuka mayai ya kuchemsha, na askari wake ni mama yangu mzazi, Bi Mavis Tarrant, ambaye hukaa kiti cha mbele na ramani mapajani ingawa njia zote anazijua kwa kichwa.

Kila Agosti ni yale yale. Tunatoka nyumbani Kettering asubuhi ya Jumamosi. Baba anaendesha, Mama anaelekeza, mimi na dada yangu Hilary tunakaa nyuma, pale pale tulipokuwa tukikaa tangu tunang'oka meno ya utoto. Tunapita Oxford, tunatazama vyuo kwa nje. Tunapita vijiji vya Cotswold, Mama anashangaa mawe ya njano ya zile nyumba utadhani mwaka jana yalikuwa ya bluu. Bath tunalala, kisha Wells kuona kanisa kuu, kisha Salisbury kuona kanisa kuu jingine, kisha kwetu. Nyumba za wageni ni zile zile na wenyewe wanatujua kwa majina. Ukithubutu kusema mwaka huu twende hata Cornwall, Mama anashusha sauti na kusema, "Huenda hii ndiyo safari yetu ya mwisho wote pamoja." Ameanza kuisema hiyo tangu nikiwa shule, na afya yake ni ya farasi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, tumetoka Bath, na mvua ilikuwa imeshika kuanzia alfajiri. Ungedhani watu wenye akili zao wangetafuta hoteli wakae karibu na moto. Thubutu! Mama alikuwa amepanga kwamba chakula cha mchana tutakula juu ya kilima kabla ya kushuka Wells, mahali penye maegesho ambapo siku ya jua unaona bonde zima na minara ya kanisa. Basi tukapanda kilimani, Baba akaegesha gari likitazama bonde, akazima injini. Bonde lenyewe halikuonekana. Kilichoonekana ni mvua. Vioo vikaingia ukungu, Mama akafungua chupa ya chai, tukakaa wanne tukitazama mbele, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki na mkate wake wa mayai.

"Pazuri sana hapa," Mama alisema.

"Pazuri," Baba alijibu.

"Clive angepapenda," Mama aliendelea. Clive ni mchumba wa Hilary, daktari wa meno, na harusi yao ilikuwa Oktoba. Hakuja nasi kwa sababu tumbo lake haliwezi safari za gari.

"Angetapika, Mama," Hilary alisema.

"Angetapika, lakini angepapenda."

Mimi nilikuwa sili. Mkate nilikuwa nimeushika tu. Kichwani mwangu ilikuwa inajirudia ile sauti ya jana jioni, nilipotoroka kwenda kwenye kibanda cha simu nyuma ya nyumba ya wageni pale Bath na kumpigia Alwyn.

"Haiwezekani, Alwyn," nilimwambia. "Nimechoka kujificha, na kusema siwezi."

"Ni wewe unayesema, Lorna, au ni mama yako?"

"Ni mimi."

"Sikuamini," alisema, kwa upole ule ule wake unaoniua, na mimi nikakata simu kwa sababu nilijua nikimsikia neno moja zaidi nitalia mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni nje. Usiku kucha sikulala. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Hilary, nikawa nauma mto asinisikie.

Sasa nikueleze huyu Alwyn ni nani, maana ndipo penye kidonda. Alwyn Prosser ni fundi wa vinanda vikubwa vya kanisani. Anaishi Hereford, ana gari la kazi lililojaa mabomba na ngozi na gundi, na ana mikono mirefu ambayo hata ikishika kikombe inashika kama kina uhai. Na miaka minne nyuma, huyo Alwyn alikuwa amuoe dada yangu Hilary.

Gauni lilishashonwa. Keki ilishaokwa, ile keki yetu nzito ya matunda. Wiki tatu kabla ya harusi, habari zikatoka kwamba bwana harusi ameghairi. Mama alilala kitandani siku mbili, akaamka, akafuta jina la mtu huyo nyumbani kwetu. Picha zake zikaondoka ukutani. Keki haikutupwa, maana keki ile haiozi na Mama hatupi chakula. Aliikatakata akaitia kwenye makopo, na safari za Agosti mbili zilizofuata tulikula keki ya harusi isiyofungwa, kipande kwa kipande, kando ya barabara, bila mtu kusema neno.

Ukweli nilikuja kuujua mimi baadaye. Alwyn hakumwacha Hilary. Hilary ndiye aliyemwacha. Aliamka tu asubuhi moja akakuta hampendi, akaingiwa na hofu ya Mama, akamwendea Alwyn na kumwomba abebe yeye lawama. Naye, mjinga yule mwenye moyo wa dhahabu, akakubali. Hilary alinieleza huku analia, akaniapisha nisimwambie mtu. Niliapa. Lakini roho iliniuma kwa yule mtu kiasi kwamba nilimwandikia kadi ya maneno machache tu: najua, na nasikitika. Akanijibu. Nikajibu. Tukakutana stesheni ya Birmingham tunywe chai, tena tukakutana, na siku nilipogundua kwamba naivaa ile blauzi ya kijani kwa ajili yake, maji yalikuwa yameshamwagika. Mwaka mzima na zaidi tulipendana kwenye mabenchi ya stesheni, kila mmoja akitazama saa.

Ndiyo jela yangu hiyo. Kumpata Alwyn, lazima Mama akubali kwamba hana kosa. Mama kukubali, lazima nimwanike dada yangu, miezi miwili kabla ya harusi yake. Nami nimeapa, na Alwyn naye ameapa. Jana nilichagua kuvunja moyo wangu mwenyewe, maana huo haukuhitaji ruhusa ya mtu.

Basi tulikuwa hapo, chai mkononi, ukungu vioo vyote, mara mtu akagonga dirisha la upande wa Mama.

Mama akapangusa kioo kwa leso. Akatazama. Akaganda.

"Desmond," alimwambia Baba, "kuna mtu."

"Naona," Baba alisema.

"Ni yule."

"Naona kwamba ni yule."

Nilipangusa kioo changu kwa kiganja, nikamwona. Alikuwa amesimama kichwa wazi, nywele zimemganda usoni, koti limelowa mpaka limebadilika rangi. Hakuwa anamtazama Mama, alikuwa ananitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu jana nikavuta pumzi ikafika chini. Alijuaje tulipo? Lo, angeshindwaje kujua! Alishawahi kuja nasi safari hii hii, mwaka ule wa uchumba wake na Hilary. Jumanne saa saba mchana, mvua inyeshe jua liwake, akina Tarrant wako juu ya kilima cha Wells wanakula mayai.

"Tufanyeje?" Mama alinong'ona.

"Ananyeshewa, Mavis," Baba alisema.

Hapo ndipo Mama alipofanya kosa lake. Sisi watu wetu tuna adabu moja ambayo mgeni anaweza asiielewe: mtu akiwa kwenye mvua, unamkaribisha. Hata awe adui yako, unamkaribisha. Naye, akijua unamchukia, anakushukuru, anasema hapana nisiwasumbue, nilikuwa napita tu, na wote mnabaki salama. Adabu inakuwa imetimia na mtu hajaingia. Mama alishusha kioo upana wa vidole viwili.

"Alwyn," alisema kwa sauti yake ya kanisani. "Mvua yote hii! Tungekukaribisha chai, ila najua una haraka."

"Asante, Bi Tarrant," Alwyn alisema. "Sina haraka. Nitaingia."

Jamani! Nilimsikia Hilary akipaliwa na mkate. Alwyn akafungua mlango wangu, upepo na mvua vikaingia, nami ikabidi nisogee kati. Akakaa. Mlango ukafungwa. Sasa kulia kwangu alikuwa dada yangu aliyemkimbia, kushoto kwangu alikuwa yeye, koti lake likinichuruzikia maji magotini, paja lake limegusana na langu mpaka goti, na mbele kulikuwa na visogo viwili vya wazazi wangu. Sikuwa na pa kuweka mikono. Nilikishika kikombe mpaka plastiki ikaanza kukunjika.

Mama akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, vikombe vilikuwa vinne tu. Akauliza bila kugeuka, "Bado unatia sukari mbili?" Kisha akanyamaza ghafla. Nadhani alichukia kwamba anakumbuka.

"Bado," Alwyn alisema.

Kifuniko kikapita nyuma, kwangu, kwake. Vidole vyetu vikagusana. Vyake vilikuwa baridi kama chuma. Alinitazama mara moja tu, pembeni, na katika ule mtazamo kulikuwa na yote: amekesha, amekasirika, ananipenda.

"Barabara ilikuwaje?" Baba aliuliza.

"Bristol palikuwa na foleni."

"Ah. Bristol siku hizi."

"Wanatengeneza daraja."

"Wanatengeneza kila siku," Mama alisema.

Nilitaka kupiga kelele. Mtu amevuka nusu ya nchi kwenye mafuriko kwa ajili yangu, nasi tunajadili Bristol! Lakini hivyo ndivyo tulivyo. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka jioni, tukamalizia na hali ya mahindi, halafu tukaagana kwa heshima na maisha yangu yakaishia hapo.

Alwyn akaweka kifuniko cha chai gotini. "Bi Tarrant. Bwana Tarrant. Nimekuja kwa ajili ya Lorna."

Mvua ilikuwa inapiga bati la gari.

"Lorna gani?" Mama akauliza.

"Huyu hapa, Mavis," Baba alisema. "Tunaye mmoja."

"Nampenda," Alwyn alisema. "Ni mwaka na nusu sasa. Naye ananipenda, ingawa jana aliniambia tuachane. Nimekuja aniambie hivyo usoni, na ninyi mkiwapo. Sitaki tena kujificha kwenye stesheni za treni utadhani mwizi."

"Stesheni?" Kisogo cha Mama kilianza kuwa chekundu. "Lorna, zile Jumamosi za kozi ya ukutubi Birmingham?"

"Hakukuwa na kozi, Mama."

"Nilikununulia mkoba kwa ajili ya kozi ile!"

"Mkoba nautumia."

"Usinifanyie mzaha!" Kila neno alikuwa analisema kwa kioo cha mbele, na pumzi yake ikawa inakitia ukungu zaidi. "Huyu mtu alimwacha dada yako wiki tatu kabla ya kanisani. Mimi ndiye niliyewapigia simu wageni mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji kumwambia asisumbuke. Nilirudisha sahani za chai zilizotumwa kama zawadi, na tatu zilikuwa zimeshavunjika! Na leo anakuja kunywa chai yangu na kuniambia anamtaka wa pili?"

Alwyn alikuwa ameinamisha kichwa, tone la maji likimning'inia puani, na hakujibu. Nilimgeukia Hilary. Alikuwa anaikunja ile karatasi ya mkate, anaikunjua, anaikunja tena.

"Hilary," nilisema.

"Nini?"

"Huna la kusema?"

"Mayai yana chumvi nyingi," alisema.

Nisamehe, lakini nilitamani kumzaba kibao. Alwyn akaona, akanigusa mkono. "Muache, Lorna. Usimlazimishe."

"Wewe nawe!" nilimgeukia. Hasira za mwaka mzima zilinipanda zote kwa pamoja. "Umekuja hapa kunichukua, au umekuja kufa na tai shingoni? Wote humu mna adabu, mna adabu, mnanyamaza vizuri, na anayezikwa ni mimi!"

"Sauti, Lorna," Mama alisema. "Kuna gari jingine pale."

"Waache wasikie!"

"Sikiliza," Alwyn alisema, na safari hii hakuwa anazungumza na kisogo cha mtu, alikuwa amenigeukia mimi mzima mzima. Uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona kope zake zimeshikana kwa maji. "Sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja kukuuliza wewe. Gari langu liko pale kwenye ukuta wa mawe. Leo naondoka hapa na wewe, au naondoka bila wewe na sitarudi kukusumbua tena. Siwezi kukupenda nusu nusu, kwa saa ya treni. Inaniua, Lorna."

"Wakifikiri wewe ni mtu mbaya?"

"Nimeshazoea wakifikiri hivyo. Wewe je, utaweza kuishi na mtu anayefikiriwa hivyo?"

Nilitazama mbele. Visogo viwili. Ramani. Waipa zimelala. Nikaona Agosti zote zijazo zimepangwa mbele yangu, Oxford, Bath, Wells, Salisbury, mimi na mvi zangu kwenye kiti hiki hiki nikipitisha sukari. Nikaona pia kwamba hakuna atakayekuja kunifungulia kwa kunihurumia. Dada yangu hatasema. Alwyn hatasema. Na mimi nimeapa.

"Nitaweza," nilimwambia. "Nipishe nishuke."

"Ukishuka gari hili, Lorna," Mama alisema, na sauti yake ya kanisani ilikuwa imekwisha kabisa, "umeshuka. Wells tutakwenda watatu."

"Nendeni watatu, Mama."

"Atakuacha! Atakuacha kama alivyomwacha dada yako, na safari hii simu sipigi!"

"Hakuniacha."

Ilikuwa sauti ndogo mno. Mwanzoni nilidhani ni redio. Hilary alikuwa ameinamia ile karatasi yake na machozi yalikuwa yanaidondokea.

"Hakuniacha, Mama. Mimi ndiye niliyemwacha. Sikumpenda. Nilikuogopa wewe, gauni lilishakwisha, keki ilishaokwa, nikamwomba yeye aseme ni yeye. Na akasema. Mniue basi."

Nilifumba macho. Nikasubiri. Nilijua Mama akilipuka kilima kizima kitasikia. Nikasikia sauti ya kifuniko cha ndani cha chupa ya chai kikizungushwa taratibu, kikizungushwa, mpaka kikakaza.

"Najua," Mama alisema.

"Unajua?" Hilary aliinua kichwa.

"Hilary, wiki ile ile, asubuhi moja, ulikuwa unaimba bafuni. Mtu aliyeachwa haimbi bafuni. Nilisimama na taulo mlangoni, nikakusikiliza, nikajua yote."

Baba, ambaye kwa maisha yangu yote sijamsikia akianzisha mazungumzo mazito ndani ya gari, akakohoa.

"Hata mimi nilijua," alisema.

Mama akamtolea macho. "Wewe? Ulijulia wapi?"

"Huyu kijana alikuja gereji kurudisha ngazi yangu. Wiki ile ile. Alikuwa analia, maskini, na ngazi ameifuta vizuri. Nikafikiri, mtu anayekimbia harusi harudishi ngazi."

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani hujui, Mavis. Sikutaka uumie."

"Nami nilidhani wewe hujui! Miaka minne nimeuficha uso wangu usije ukajua!"

"Mimi nilijua tangu mwaka wa pili," nilisema.

Tulitazamana, wote wanne, kupitia kile kioo kidogo cha kati. Niliona macho ya Baba na nusu ya mdomo wa Mama. Tumekula keki ile pamoja, kipande kwa kipande, kila mmoja akimlindia mwenzake siri ambayo mwenzake anayo. Kicheko kilinipanda, kikafika kooni, kikageuka kitu kingine. Kwa sababu wa tano wetu alikuwa amekaa hapo na koti lake bichi, akitusikiliza.

"Basi kwa nini, Mama?" niliuliza. "Kama ulijua hana kosa, unanikataza nini?"

Mama alikuwa ameishika chupa ya chai kifuani kwa mikono miwili.

"Kwa sababu ningelazimika kumtazama," alisema. "Kila Krismasi. Kila Pasaka. Nilimsema kijana huyu kanisani, nilimsema sokoni, nilimpigia simu mama yake mzazi nikamwambia amezaa mtu asiye na haya. Nikijua si kweli. Ningesema ukweli, ningemtaja mwanangu, na watu wetu unawajua. Nikachagua. Sasa wewe unataka nimketishe mezani kwangu nimkatie nyama, nimuulize kama viazi vinatosha, huku najua tulimtenda nini? Ni rahisi zaidi kumchukia, Lorna. Nilikuwa nimeshazoea."

Alwyn akasema, polepole, "Mama yangu alifariki mwaka juzi, Bi Tarrant."

"Sikujua," Mama alisema.

"Usingejua. Mpaka anafumba macho alikuwa anaona aibu kwa ajili yangu. Sikuweza kumwambia. Nilishaahidi."

Hilary alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Mimi nilimshika Alwyn mkono, mbele yao wote, nikaubana kwa mikono yangu miwili. Hayo alikuwa hajaniambia hata mimi. Mabenchi yote yale, chai yote ile, na alikuwa ameyafungia ndani ili nisimchukie dada yangu.

"Nisamehe," Mama alisema. Alikiambia kioo cha mbele. "Alwyn, nisamehe."

Huku kwetu neno hilo lina jibu lake. Mtu akiomba radhi, unasema haina neno, usijali, na haraka haraka unauliza habari za hali ya hewa. Tulilisubiri wote. Niliona bega la Baba limeinuka, linalisubiri.

"Siwezi kukwambia haina neno," Alwyn alisema. "Ina neno. Kubwa. Lakini kama kinachokutisha ni kunitazama, geuka, Bi Tarrant. Nipo hapa. Krismasi ni mbali."

Sikudhani angegeuka. Alikaa vile vile muda mrefu, na mvua ikapungua kidogo, ikarudi tena. Kisha akampa Baba chupa ya chai ashike. Akaisukuma ramani chini miguuni. Akazunguka kwenye kiti, yule mama yangu mzito na sketi yake ya sufu, magoti juu ya kiti kama mtoto, mikono imeshika mgongo wa kiti, akamtazama Alwyn usoni. Alimtazama paji la uso, akamtazama macho, akamtazama mashavu. Kidevu chake kilikuwa kinacheza.

"Umekonda," alisema, na akaangua kilio.

Baba alimpapasa mgongo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chupa. Hilary alikuwa analia dirishani. Alwyn hakulia. Alinyoosha mkono wake mrefu, akauweka juu ya mkono wa Mama pale kwenye mgongo wa kiti, akauacha hapo tu. Nilijua hajasamehe bado. Nilijua pia kwamba ataifanya kazi hiyo, taratibu, kwa namna anavyofanya kazi zake zote.

Mama alipomaliza kupenga kamasi, alitafuta saa yake. "Haya," alisema, sauti imekwaruza. "Kanisa kuu linafungwa saa kumi na moja. Alwyn, utatufuata nyuma na gari lako. Lorna anaweza kupanda na wewe, sina neno. Tutakutana pale kwenye lango la magharibi."

Ilikuwa ruhusa. Nilikuwa nimeilia usiku kucha, na hiyo hapo, imekuja na ratiba yake. Alwyn akanitazama, akafungua mlango, akashuka, akasimama kwenye mvua ananisubiri. Nikateleza juu ya kile kiti kibichi, nikatoa mguu mmoja nje, halafu wa pili.

"Sisi hatuendi Wells, Mama," nilisema.

"Mnakwenda Salisbury moja kwa moja?"

"Hapana."

"Mnakwenda wapi, basi?"

"Sijui, Mama."

Alisubiri nimtajie mji. Sikumtajia. Alwyn akanipa mkono, nikasimama wima, nami nikaufunga ule mlango mwenyewe, kutoka nje.